Miguu Hii ni ya Nani?

Kila msimu unapokaribia kwisha, vijiwe vya soka huchemka. Nyota fulani mkataba wake unaisha, je, atamwaga wino wapi? Huyu anaapa ni Hispania, yule anasema Italia, na wa tatu anadai kaambiwa na mtu anayejua. Watu hubishana mpaka kahawa inapoa. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji: ubishi huu ulianza lini? Zamani haukuwa na maana, kwa kuwa mchezaji hakuwa na uhuru wa kwenda popote.

Kule Uingereza, klabu iliweza kumzuia mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha. George Eastham wa Newcastle alichoka, akagoma mwaka 1960, na hatimaye akauzwa Arsenal. Kesi yake ilipoamuliwa mwaka 1963, Mahakama Kuu ilisema kuwa utaratibu ule ulimbana mtu isivyo haki katika kutafuta riziki yake. Hata hivyo, ada ya uhamisho ilibaki palepale.

Aliyeikata minyororo ni kijana wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman. Mwaka 1990 mkataba wake na RFC Liège uliisha. Klabu ikampa mkataba mpya wa faranga 30,000 kwa mwezi, wakati alikuwa amezoea kupata kama 120,000 pamoja na marupurupu. Jamaa akakataa. Dunkerque ya Ufaransa ikamtaka, lakini Liège haikuomba hati ya kumruhusu kuondoka, na mpango ukafa. Huko hakwenda, na kwao wakamsimamisha! Akaenda mahakamani.

Tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliyoko Luxembourg ikaamua: mchezaji raia wa Jumuiya ya Ulaya akimaliza mkataba wake, ana haki ya kwenda klabu ya nchi nyingine ya jumuiya hiyo bila mtu kudaiwa ada. Mwaka uliofuata Edgar Davids alitoka Ajax kwenda Milan bure. Baadaye hata uhamisho wa ndani ya England ukafuata mkondo huo, kwa wachezaji waliotimiza miaka 24.

Hapo ndipo tetesi zilipopata mbawa. Tazama kiangazi cha mwaka 2001. Sol Campbell, beki na nahodha wa Tottenham, aliyelelewa na klabu hiyo tangu ujana wake, alimaliza mkataba. Magazeti yakamtaja Barcelona, yakamtaja Inter, yakamtaja Bayern. Tarehe 3 Julai waandishi walikwenda Arsenal wakidhani wanakwenda kutambulishwa kipa Richard Wright. Mara akatokea Campbell! Amehamia kwa mahasimu wa jadi, na Tottenham hawakuambulia hata senti. Aliporudi White Hart Lane Novemba mwaka huo, alipokewa kwa zomeazomea na mabango ya kumwita Yuda. Mwisho wa msimu akatwaa ubingwa wa ligi na Kombe la FA.

Je, alikuwa msaliti? Uchungu wa mashabiki naujua, maana mapenzi ya timu hayana mizani. Lakini kila mwaka klabu huwaacha wachezaji kibao ambao mikataba yao imekwisha. Wengine wameumia goti, wengine umri umewatupa mkono, na hakuna anayebeba bango kuiita klabu Yuda. Watu husema tu kwamba hiyo ni biashara. Basi kama mkataba ukiisha klabu ina ruhusa ya kusema kwaheri, kwa nini mchezaji asiwe nayo? Mkataba una ncha mbili.

Na Bosman mwenyewe? Alipanda mbegu, matunda wakala wengine. Ile miaka mitano ya kesi ilikula umri wake wa kucheza, na utajiri waliouvuna nyota waliomfuata yeye hakuuona. Lionel Messi alipoachana na Barcelona na kusaini Paris Saint-Germain mwaka 2021, na Kylian Mbappé alipotoka Paris kwenda Real Madrid mwaka 2024, walipita katika mlango alioubomoa kiungo ambaye vijana wengi hawajawahi kumwona hata kwenye picha.

Kwa hiyo endeleeni kubishana, ndugu zangu, utamu wa soka uko humo pia. Ila anayeuliza nyota fulani atakwenda wapi, ajue kwamba kulikuwa na mtu aliyelipa ili swali hilo liweze kuulizwa.