Mashine ya kusomea CD inabadilisha sauti? Historia fupi ya ubishi

Leo naomba tuache siasa na mpira. Swali ni hili: ukichukua mashine mbili za kusomea CD, moja ya bei ya kuku na nyingine ya bei ya ng'ombe, ukaziunganisha kwenye amplifaya ileile na spika zilezile, sauti itatofautiana? Mimi nasoma ualimu wa historia, kwa hiyo acha nianzie mwanzo.

Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani walikubaliana viwango vya CD mwaka 1980. Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony wakaanza kuuza CDP-101 kule kwao kwa yeni 168,000. Muziki sasa ulikuwa namba, 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa stirio. Wazee wa kaseti mnakumbuka: betri zikichoka, mwimbaji anaimba kama ana usingizi. Kwenye CD haiko hivyo. Namba zikisomwa na leza zinaingia kwanza kwenye kumbukumbu ndogo, kisha zinatolewa kwa mapigo ya saa ya kristali. Sahani ikiyumba kidogo, sauti haiyumbi.

Na mikwaruzo je? Hapo zinaingia hesabu za Irving Reed na Gustave Solomon, Wamarekani waliozitoa mwaka 1960, kabla CD haijafikiriwa. Hesabu hizo zinaweza kurudisha kila namba iliyopotea kwenye pengo la kama milimita 2.5. Likizidi hapo, mashine inaanza kukisia. Ikishindwa kabisa utasikia kukatika au kurukaruka, tena mtu yeyote atasikia.

Kumbe mambo yangeishia hapo. Lakini katikati ya miaka ya 1980 makampuni yakaanza kuitenganisha mashine: sanduku moja la kuzungusha na kusoma sahani, jingine la kugeuza namba kuwa sauti, katikati waya. Ubishi ukazaliwa hapo. Watu wakaapa kwamba kubadili sanduku la kwanza tu kunaleta besi nzito na sauti laini. Wengine wakawacheka: namba ni zilezile, besi itoke wapi?

Mwaka 1992 Malcolm Hawksford wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na mwenzake Chris Dunn walionyesha kwamba waliocheka walicheka mapema. Waya ule unabeba namba pamoja na mapigo ya saa. Namba zinaweza kufika salama zote, lakini mapigo yakachelewa au kuwahi kidogo sana. Kuyumba huko mafundi wanakuita jita. Kwa hiyo kwa nadharia, ndiyo, sanduku la kwanza linaweza kugusa sauti.

Sasa, sikio linasikia? Mwaka 1998 Eric Benjamin na Benjamin Gannon walipima. Kwa mlio mmoja tupu wa juu, watu walianza kugundua jita kwenye nanosekunde kama 10. Muziki wenyewe ulihitaji zaidi. Mwaka 2005 Ashihara na wenzake kule Japani walijaribu jita ya kubahatisha kwa wasikilizaji wenye uzoefu, wakakuta hata nanosekunde mia kadhaa hazigunduliki kwenye muziki. Mashine nzima, isiyo mbovu, kwa kawaida iko chini sana ya hapo.

Mnaona? Kila upande ulikuwa na kipande cha ukweli. Jita ipo, inapimika, ila sikio haliifikii.

Kwa nini nawachosha na haya? Kuna jamaa hapa hosteli anataka kuzamisha boom lake kwenye sanduku la kusomea CD kwa sababu alilisikia mahali likamkolea. Simwiti mwongo, alisikia kweli. Lakini sauti ikizidi kidogo tu, sikio linaiona bora, na ukijua bei linaiona bora zaidi. Ndugu yangu, sawazisha sauti ya zote mbili, mtu mwingine abadilishe mashine huku huoni, ufanye mara kumi na zaidi. Ukipatia karibu zote, nunua. Ukishindwa, hela iende kwenye spika, huko tofauti hata bibi kijijini anaisikia.

Haya, nawahi kipindi. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.