Marobota 356 ya Pamba Yaliyozaa Majaji wa Muda

Mwaka 2028 itatimia miaka 200 tangu Jaji Mkuu wa Marekani, John Marshall, alipotoa hukumu inayowagusa wakazi wa Guam hadi leo. Kiini chake ni pamba.

Mwaka 1825 meli Point à Petre, iliyokuwa ikitoka New Orleans kwenda Ufaransa, ilikwama mwambani pwani ya Florida, eneo ambalo Marekani ilikuwa imelipata kutoka Hispania miaka michache tu nyuma. Pamba iliyookolewa ilifikishwa Key West. Huko hapakuwa na jaji. Sheria ya bunge la eneo ya mwaka 1823 iliwapa kazi hiyo mthibitishaji hati mmoja na wajumbe watano wa baraza. Nao wakaamua waokoaji walipwe asilimia 76 ya mauzo! Pamba ikapigwa mnada, akanunua David Canter.

Marobota 356 yalipofika Charleston, kampuni za bima ziliyadai mahakamani. Hoja yao ilikuwa nzito: Katiba inazikabidhi kesi za bahari mahakama za shirikisho, ambazo majaji wake hukaa kazini maisha yao yote maadamu wana mwenendo mwema. Baraza la Key West lilipata wapi mamlaka hayo?

Marshall alimpa Canter ushindi. Alieleza kwamba hata majaji wa mahakama kuu za Florida waliteuliwa kwa miaka minne tu, hivyo mahakama zao hazikutokana na ibara ya Katiba inayolinda majaji. Zilitokana na mamlaka ya Bunge la nchi kutawala maeneo yasiyo majimbo.

Florida ikawa jimbo mwaka 1845 na kuachana na mfumo huo. Puerto Rico ilipewa majaji wa kudumu mwaka 1966. Guam, Visiwa vya Virgin na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini bado vina majaji wa shirikisho wa miaka 10, ambao wakitaka kuendelea humtegemea rais awateue tena. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ilibatilisha uamuzi wa rufaa ya watu wawili wa Guam kwa sababu jaji wa Mariana, asiye wa kudumu, alikaa katika jopo. Kwa hiyo jaji anayefaa kumfunga mtu wa visiwani hafai kuketi na wenzake wa bara kusikiliza rufaa. Huo ni ubaguzi, na Bunge lina uwezo wa kuuondoa kwa sheria moja, kama lilivyofanya Puerto Rico.