Kazi za ratiba katika programu za wavuti

Kazi za ratiba ni zile ambazo programu ya wavuti huzifanya yenyewe kwa saa zilizopangwa, bila mtu kubonyeza chochote: kunakili hifadhidata, kutoa ankara za mwezi, kufuta faili za muda. Kwenye seva nyingi za Linux na Unix mwenye zamu ni cron, programu iliyotoka na Unix ya Bell Labs katika miaka ya 1970. Iliyoenea zaidi ni ile ya Paul Vixie ya mwaka 1987.

Kila dakika cron hupitia jedwali lake na kuanzisha kazi iliyofikiwa na wakati. Mstari una nafasi tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki, nyota humaanisha “kila”. Hivyo 0 2 * * * ni kila siku saa nane kamili usiku. Mtego uko kwenye siku. Mstari 0 9 13 * 5 haungoji Ijumaa iangukie tarehe 13. Kazi hufanyika kila tarehe 13 na kila Ijumaa, saa tatu asubuhi.

Seva nyingi hufuata saa za UTC, zilizo nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu. Ankara ya tarehe 1 saa nane usiku huko kwetu ni saa tano usiku ya siku ya mwisho ya mwezi uliopita kwa seva, na cron ya kawaida haina alama ya siku ya mwisho ya mwezi. Ukiisogeza hadi saa tisa usiku, seva nayo inakuwa imeingia tarehe 1.

Si kila programu hutegemea cron: WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, hukagua ratiba yake pale tu mgeni anapofungua ukurasa. Tovuti isiyo na wageni usiku hungoja hadi asubuhi, ndiyo maana mafundi huzima utaratibu huo na kuiachia cron ya seva iite faili la wp-cron.php.

Hatari kubwa kuliko zote ni kazi inayoshindwa kimyakimya. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata kuu. Nakala za kila siku zilipotafutwa, hifadhi ilikuwa tupu: pg_dump, programu ya kunakili hifadhidata za PostgreSQL, ilikuwa ya toleo 9.2, hifadhidata ikiwa 9.6, hivyo kazi ilikuwa ikikwama. Barua pepe za onyo kutoka cron nazo zilikuwa zikikataliwa kwa kukosa uthibitisho wa DMARC, utaratibu wa kuhakiki mtumaji wa barua pepe. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali.

Kwa hiyo kazi muhimu hutakiwa kutuma ishara kwa mfumo mwingine kila inapomalizika salama, na kengele hulia ishara isipofika kwa wakati. Nakala yenyewe hurejeshwa mara kwa mara kwenye seva ya majaribio, ionekane kama inafunguka.