Jani au Jina: Tiba ya Mawazo Kando ya Ziwa

Mtu wa kwetu Mwanza akisema "nina mawazo", msikilizaji humwelewa mara moja. Usingizi umempotea, chakula hakina ladha, moyo humwenda mbio hali ameketi, na kichwa kimembana. Vijana wa leo huita hali hiyo msongo wa mawazo. Jina ni jipya, lakini maradhi yenyewe ni ya kale. Mvuvi aliyeibiwa nyavu usiku aliyajua. Mkulima wa pamba aliyesubiri malipo hadi ada za shule zikapita aliyajua, na mama aliyezika watoto wawili mfululizo aliyajua kuliko wote. Kabla ya hospitali kujengwa, na hata baada yake, watu hao walikuwa na mahali pa kwenda, nako ni kwa nfumu, yaani mganga.

Ndugu msomaji, katika miaka yangu ya ualimu na sasa ya ustaafu nimejiuliza mara nyingi: mtu huyo alirudi nyumbani na nini? Nikiitazama historia ya Usukuma naona kwamba alirudi na kimoja kati ya vitu viwili, na pengine vyote viwili kwa pamoja. Alirudi na jani, au alirudi na jina. Jani lilikuwa la kuchemsha, la kuogea au la kujifukizia. Jina lilikuwa la mtu aliyedaiwa kumroga. Kuchanganya vitu hivi viwili kumewagharimu watu wengi maisha yao, na ndiyo maana naandika.

Kwanza tukubaliane kwamba mawazo ni maradhi ya kweli. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, upande wa magharibi wa ziwa letu, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko na kilio viliwashika wanafunzi 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Hali hiyo ikaenea hadi vijijini. Madaktari walipima damu na kuchunguza chakula, wasione mdudu wala sumu. Maelezo yaliyokubaliwa zaidi baadaye ni kwamba chanzo kilikuwa hofu na mbano wa maisha yale. Sisi tuliowahi kuongoza shule za bweni hatushangai. Wiki ya mtihani wagonjwa wa kichwa na tumbo huongezeka, na wakipelekwa zahanati malaria haionekani.

Katika shule moja niliyoiongoza, mpishi wetu mzee alikuwa na dawa yake kwa wanafunzi wa namna hiyo. Aliwachemshia mchaichai, akawakalisha karibu na meko, kisha akawauliza habari za kwao: mama hajambo, mvua zimenyesha, ng'ombe wamezaa? Wengi walirudi darasani kabla ya kengele ya jioni. Niliwahi kudhani, kama walivyodhani wenzangu wengi, kwamba nguvu yote ilikuwa katika kikombe. Lakini mwaka 1986 watafiti wa Brazil, nchi ambako mchaichai hunywewa kwa kusudi hilihili, waliwapa watu chai hiyo na kuwapima. Haikuwadhuru, lakini pia haikuwapunguzia wasiwasi wala kuwaletea usingizi. Basi kilichowatuliza wale watoto ni nini? Naamini ni meko, kiti, na yale maswali ya nyumbani. Jani liliwapa sababu ya kuketi.

Wazee wa Usukuma walilijua jambo hili bila maabara. Kwao bugota, yaani dawa, haikutembea peke yake. Katika karne ya 19 waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, walishindana kwa dawa na ngoma. Wafuasi wao wakawa vyama viwili, Bagika na Bagalu, ambavyo mashindano yake baada ya mavuno yamedumu hadi zama zetu. Anayetaka kuona mabaki ya historia hiyo na aende kwenye makumbusho ya Bujora, Kisesa, kazi aliyoianza Padre David Clement katika miaka ya 1950. Aliyejiunga na chama alipata dawa, lakini alipata pia watu wa kulima naye, wa kucheza naye, na wa kumzika atakapokufa. Mwenye mawazo hakuachwa ayale mawazo yake peke yake.

Hata hivyo, tusije tukasema kwamba majani yote ni chai tu. Mti wa msesewe, ambao Wachaga hutumia gome lake katika kutengeneza mbege, ni ndugu wa mmea mmoja wa India. Kutoka katika mizizi ya mmea huo wanakemia wa Uswisi walitoa dawa ya reserpini mwaka 1952. Dawa hiyo ilitumika katika nchi nyingi kuwatuliza wagonjwa wa akili na kushusha presha. Kisha madaktari wakaona kwamba baadhi ya waliokuwa wakiitumia walizama katika huzuni nzito. Hapa pana somo: jani lenye nguvu ya kutuliza lina nguvu ya kudhuru pia, na kipimo chake si cha kubahatisha. Anayemeza vidonge vya presha au vya sukari asiongeze mizizi juu yake bila kumwambia daktari wake.

Sasa tuje kwenye jina. Nfumu wa ramli humchinja kuku, akasoma matumbo yake, kisha akaeleza shida imetoka wapi. Mara nyingine hutaja mzimu uliosahauliwa, na tambiko hutosha. Mara nyingine hutaja jirani, naye mara nyingi ni mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu. Macho hayo yamewekundishwa na moshi wa samadi ya ng'ombe anayopikia kwa miaka mingi, katika nchi ambayo kuni zimekwisha. Msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Simeon Mesaki, alionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa sababu za uchawi, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa Usukuma. Tangu mwaka 2007 tukasikia pia habari za ndugu zetu wenye ualbino waliowindwa kwa sababu mtu fulani, mwenye wasiwasi wa utajiri wake, aliahidiwa bahati ya dhahabu au ya samaki.

Kwa nini jina lina mvuto kuliko jani? Jani humwambia mgonjwa apumzike na asubiri. Jina humwambia kwamba adui amepatikana, na kwamba akiondoka yeye, shida nayo itaondoka. Mtu asiyelala kwa wiki tatu huona hiyo ni nafuu kubwa. Lakini mzee wa watu amekufa, na bei ya pamba haijapanda.

Serikali zote zimehangaika na jambo hili. Waingereza walitunga sheria ya uchawi mwaka 1922, wakaitunga upya mwaka 1928. Machoni pa wakubwa wengi wa wakati ule mchimba mizizi na mpiga ramli walikuwa mtu mmoja. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 iliwaruhusu waganga wa jadi kutibu katika jamii zilizowatambua, mradi wasihatarishe maisha. Mwaka 1974 ulianzishwa Muhimbili utafiti wa dawa za asili, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ikaleta baraza la kuwasajili waganga. Mwezi Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kupiga marufuku waganga wasiosajiliwa na ramli chonganishi. Ukizisoma hatua hizo kwa mfululizo utaona nchi ikijifunza polepole kutenganisha jani na jina.

Mwaka 2020, korona ilipotutisha, tuliona jani likirudi kwa kishindo. Kila nyumba ilijifukiza kwa mchaichai, tangawizi na mwarobaini. Mvuke hauui kirusi, na hilo lazima lisemwe waziwazi. Lakini katika hofu ile niliona babu, mama na wajukuu wakikaa kuzunguka sufuria moja, wakipeana zamu ya shuka, wakicheka. Hakuna aliyelaumiwa. Hofu ilikuwa ya wote na hakuna jirani aliyetafutwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaonisoma ni huu. Chemsha mchaichai wako, lakini usiunywe peke yako. Kaa na mtu, mwambie kinachokukosesha usingizi. Hali ikizidi wiki kadhaa, au ukianza kuwaza kujidhuru, nenda hospitali. Bugando wapo madaktari wa akili, na kuwaona si aibu. Ukienda kwa mganga, nenda kwa aliyesajiliwa, na uyapime maneno yake. Akikuuliza habari zako, kaa umsikilize. Akianza kukutajia habari za jirani yako, simama, chukua fimbo yako, urudi nyumbani.