Nambari tasa kubwa katika ubao wa sataranji

TABAKA, katika Kaunti ya Kisii, pasifika kwa uchongaji wa mawe ya sabuni, na miongoni mwa kazi za mafundi wa huko ni bao za sataranji zenye miraba 64. Ubao mmoja, pamoja na punje za wimbi unaokuzwa Kisii na Nyamira, watosha kueleza sifa za nambari moja kubwa ajabu.

Weka punje moja katika mraba wa kwanza, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, na kuendelea hivyo ukiongeza maradufu. Jumla ya punje ubaoni itakuwa 1, kisha 3, 7, 15, 31. Ufikapo mraba wa 61, jumla ni 2,305,843,009,213,693,951.

Hiyo ni nambari tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwuzaji sokoni hawezi kuzipanga punje hizo katika mafungu yaliyo sawa, isipokuwa ziwe fungu moja au kila punje iwe peke yake.

Je, ni jumla zipi huwa tasa? Idadi ya miraba ikiwa si tasa, jumla nayo si tasa: miraba 4 hutoa 15, ambayo ni 3 mara 5. Kinyume chake, hata hivyo, si kweli daima. Miraba 2, 3, 5 na 7 hutoa 3, 7, 31 na 127, zote tasa, hata mwanafunzi akadhani amepata kanuni. Miraba 11 humsuta: 2,047 ni 23 mara 89. Ubao mzima una idadi tasa 18 za miraba, kuanzia 2 hadi 61, na 9 tu kati yazo ndizo hutoa jumla tasa.

Mtawa Mfaransa Marin Mersenne, ambaye nambari hizi huitwa kwa jina lake, alitoa orodha yake mwaka 1644 bila kuitaja 61. Ni mwaka 1883 ambapo kasisi Mrusi Ivan Pervushin alithibitisha kwamba jumla yake ni tasa.

Uthibitisho hauhitaji kujaribu kila kigawo. Njia iliyoanzishwa na Édouard Lucas mwaka 1878 na kukamilishwa na Derrick Lehmer mwaka 1930 huanza na 4: izidishe kwa yenyewe, utoe 2, kisha urudie. Hatua ni pungufu ya miraba kwa 2. Kwa miraba 5, hatua ni tatu: 14, 194, 37,634. Nambari hii ya mwisho hugawanyika kwa 31 bila baki, kwa hivyo 31 ni tasa. Kwa miraba 61, hatua ni 59.

Njia hiyohiyo, kwa kompyuta, ilitumiwa Oktoba 2024 kuthibitisha nambari tasa ambayo ingehitaji miraba 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320.