Shaba na Jina Lake

Neno letu shaba limebeba metali tatu. Ile nyekundu ni shaba tupu. Ikitiwa bati huwa bronzi. Ikitiwa zinki huwa shaba ya manjano. Wauzaji wa vyombo vya kale vya Uchina hupenda kusema bronzi, kwa kuwa jina hilo huongeza bei.

Chombo cha maua nilichorithi kina mhuri wa Mfalme Xuande wa ukoo wa Ming, aliyetawala kuanzia 1425 hadi 1435. Ndugu zangu wanataka kikwanguliwe, ijulikane ni bronzi au la. Nimekataa. Mhuri huo ulipigwa na mafundi wa karne zilizofuata pia, na vyetezo vingi vyenye jina lake ni vya shaba ya manjano. Rangi ya nje nayo si shahidi, maana mafundi walijua kuipaka metali mpya sura ya uzee. Chunguza kitako, mahali paliposuguka penyewe: umanjano huashiria zinki, ukahawia mwekundu huashiria bati. Lakini hiyo ni dalili tu. Hakika hutolewa na mashine ya eksirei, isiyoacha jeraha.

Ndiyo maana siku hizi majumba mengi ya makumbusho huandika tu “mchanganyiko wa shaba” kwenye chombo kisichopimwa. Wataalamu, baada ya safari ndefu, wamefika pale alipokuwa bibi yangu, aliyekiita shaba na kukifuta vumbi kila Ijumaa.