Mali Bila Daftari: Ufuta, Misitu na Biashara Yetu kutoka Khanfu hadi Xiaobei



Ukurasa huu umezoea kusimulia habari za Omani na Zanzibar, na za majahazi yaliyowaleta wazee wetu kwa pepo za kaskazi. Ama leo nataka kuelekea mashariki, kwa kuwa vijana wetu wengi wa siku hizi huijua njia ya Guangzhou kuliko ya Sur au Nizwa. Nataka kuonyesha kwamba njia hiyo si ngeni kwetu, na kwamba iko amana tuliyoibeba katika njia hiyo tangu zamani bila kuiandika katika vitabu vyetu: amana ya miti na viumbe vya nchi zitokamo bidhaa zetu.

Xiaobei ni mtaa wa mji wa Guangzhou, katika wilaya ya Yuexiu. Jina lake lina maana ya "kaskazini ndogo", nalo ni kumbukumbu ya lango dogo la kaskazini la ukuta wa mji wa kale. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mtaa huu, hususan pembezoni mwa jumba la Tianxiu, umekuwa makutano ya wafanyabiashara wa Kiafrika na wa Kiarabu. Husikika hapo Kifaransa cha Kongo na Mali, Kiarabu cha Yemen, na Kiswahili chetu. Hununuliwa nguo, simu, vigae na vipuri, vikapakiwa katika makontena na kupelekwa Mombasa na Dar es Salaam. Si mbali na hapo umesimama msikiti mkongwe wa Huaisheng, na mnara wake uitwao Guangta, yaani mnara wa nuru.

Waarabu wa kale waliuita mji huo Khanfu. Katika mwaka 237 Hijria, sawa na 851 Miladia, kiliandikwa kitabu cha habari za China na Bara Hindi kutokana na masimulizi ya mabaharia na wafanyabiashara. Humo tunasoma kwamba mfalme wa China alimteua Mwislamu mmoja wa Khanfu awe mwamuzi baina ya Waislamu wenzake, akiwasalisha Idi na kuwahutubia. Naye Al-Mas'udi, aliyesafiri baina ya Omani na kisiwa cha Qanbalu katika pwani ya Zanj, na kurejea kwa mara yake ya mwisho katika mwaka 304 Hijria, ameeleza kwamba pembe za ndovu za Zanj zilipelekwa kwanza Omani, na kutoka Omani zikaendelea hadi Bara Hindi na China. Wanavyuoni wengi wanadhani Qanbalu ni Pemba. Kwa hiyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita pwani yetu, Omani na Guangzhou zilikwisha kuunganishwa katika mnyororo mmoja, na mtu wa kati katika mnyororo huo alikuwa mfanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili.

Iko habari moja ya Khanfu ambayo aghalabu hupitwa na wasomaji. Katika mwaka 879 mwasi aitwaye Huang Chao aliuteka mji huo na kuwaua maelfu ya watu, wakiwamo wafanyabiashara wageni. Abu Zayd wa Siraf, aliyeikamilisha ile kazi ya mwaka 851, ametaja maafa ya watu, kisha akataja jambo la pili: kwamba mwasi huyo aliikata miforsadi, ambayo majani yake hulishwa viwavi wa hariri, na kwamba kwa sababu hiyo hariri ilikatika katika nchi za Waarabu. Abu Zayd alikuwa akiandika habari za biashara, wala hakukusudia kuandika habari za miti. Hata hivyo alifahamu kwamba nyuma ya bidhaa upo mti, na kwamba mti ukikatwa upande mmoja wa bahari, soko la upande wa pili halina budi kutambua.

Basi tuutazame urithi wetu wenyewe kwa jicho hilo la Abu Zayd.

Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa, na Sayyid Said bin Sultan akahimiza ipandwe kwa wingi. Ilipandwa mahali pa misitu, na waliofyeka, waliopanda na waliochuma walikuwa zaidi watumwa walioletwa kutoka bara. Hilo ni sehemu ya historia yetu, wala haifai kulifunika. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika, bei ikapanda, na mashamba yakaenea katika vilima vya Pemba hadi kisiwa hicho kikawa ndicho chemchemi kuu ya karafuu. Thamani ya shamba ilihesabiwa kwa idadi ya mikarafuu na minazi. Hapakuwa na safu ya kuandikia mivule iliyoangushwa ili mikarafuu isimame.

Kilichosalia cha msitu wa asili wa Pemba leo ni hasa msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya kisiwa, pamoja na vichaka vilivyotawanyika. Humo umo mnazi-mwitu uitwao mpapindi, ambao asili yake ni Pemba tu. Na yuko popo mkubwa wa Pemba, mla matunda, asiyepatikana kwingine kokote duniani. Kwa kupungua misitu na kwa kuwindwa, mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hawa walikuwa wamebakia wachache mno. Ndipo wanavijiji, kama wa Kidike, walipoanza kuyalinda makazi yao, na kufikia mwaka 2011 walihesabiwa zaidi ya 20,000. Tunajifunza mawili hapa: kwamba bidhaa iliyotupa heshima na majumba ya mawe ilikuwa na gharama isiyolipwa na mnunuzi wala mwenye shamba, na kwamba kilichoharibika huweza kurejea, wakipatikana watu wa kukihesabu na kukichunga.

Sasa tuje kwenye bidhaa ya zama zetu. Ufuta si mgeni pwani. Katika karne ya 19 Wafaransa waliununua kwetu na kuupeleka Marseille kukamuliwa mafuta, na Unguja kwenyewe ngamia walizungushwa katika vinu vya mafuta ya ufuta. Leo China ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani, na Tanzania imo miongoni mwa nchi zinazoiuzia kwa wingi. Kontena lililoshuka Dar es Salaam na vigae huweza kurudi China na magunia ya ufuta, na miongoni mwa mawakala wanaounganisha pande hizo mbili wamo watu wa lugha yetu.

Ufuta huo hutoka mikoa mingi, lakini mikoa ya Lindi na Mtwara ina sehemu kubwa, na huko Lindi ndiko iliko Kilwa yetu, ambayo mabaki ya majumba yake ya kale yamejaa vigae vya vyombo vya Kichina. Misitu ya pwani ya huko ina mimea na wanyama wasiopatikana penginepo, na nyuma yake kuna misitu ya miombo yenye mpingo, mninga na mkongo. Shirika la MCDI, linalofanya kazi na vijiji vya Kilwa, limeeleza kwamba kilimo cha ufuta ni miongoni mwa sababu kuu za kufyekwa misitu hiyo. Sababu yake si ujinga wa mkulima. Ardhi iliyofyekwa upya na kuchomwa moto ina rutuba ya majivu na magugu machache, naye analima kwa jembe la mkono. Baada ya misimu michache rutuba hushuka, magugu humshinda, na njia iliyo nafuu kwake ni kusogea mbele na kufyeka tena. Kila bei inapopanda huko China, shoka husikika Kilwa na Liwale.

Wahenga wetu wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliyekula mkate wa kalamu ya ukarani naisoma methali hiyo kwa maana yake hasa. Tazameni hati zinazofuatana na shehena ya ufuta. Ankara inataja uzito na bei. Hati ya shehena inataja meli na bandari. Cheti cha afya ya mimea kinataja wadudu na magonjwa. Cheti cha asili ya bidhaa kinataja nchi, basi. Hakuna hati hata moja inayotaja shamba, wala inayosema kama shamba hilo lilikuwa msitu mwaka juzi.

Na ajabu ni kwamba habari hiyo ipo mwanzoni mwa safari. Katika utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambao kwa miaka ya karibuni umetumika pia kwa ufuta, mkulima hupeleka magunia yake katika chama cha msingi cha ushirika, yakapimwa, akaandikwa jina lake ili alipwe baada ya mnada. Daftari la chama linamjua mkulima na kijiji chake. Kisha magunia huchanganywa ghalani, na jina la kijiji hufia hapo. Kwa hiyo hatuhitaji kubuni elimu mpya. Tunahitaji daftari la kijijini lisafiri pamoja na gunia.

Umoja wa Ulaya umejaribu jambo hilo kwa nguvu ya sheria. Sheria yake ya mwaka 2023 inadai kwamba kahawa, kakao, mpira, soya, mawese, mbao na ng'ombe, pamoja na baadhi ya bidhaa zitokanazo navyo, visitoke katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kwamba mahali pa shamba pajulikane. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, na ufuta haumo. China nayo, katika sheria yake ya misitu iliyoanza kutumika Julai 2020, imekataza kununua mbao zinazojulikana kuwa zimepatikana kwa njia haramu. Sharti hilo ni la mbao, halihusu mazao ya shambani. Hata hivyo tumekwisha kuona uzito wa neno la mnunuzi. Katika pori la Selous, lililopakana na Liwale, ndovu walikadiriwa kuwa takriban 110,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walihesabiwa takriban 13,000. Ulinzi wa porini ulikuwa wa lazima, lakini China ilipofunga biashara yake ya ndani ya pembe mwishoni mwa mwaka 2017, mlango wa njia ile ile aliyoieleza Al-Mas'udi ulifungwa kisheria upande wa mnunuzi.

Atasema msemaji: mwataka kumfungia riziki mkulima maskini, nanyi mmekaa Toronto na Maskati mnakula halua ya ufuta? Neno hilo ni zito, na lina haki ndani yake. Mkulima akidaiwa vyeti na ramani kwa gharama yake, atatolewa sokoni na kubakia wenye mashamba makubwa. Na ushauri mtupu haumfai. Huambiwa apokeze ufuta na mbaazi, ambazo hurejesha rutuba ili shamba lile lile lilimwe tena. Ni ushauri mwema. Lakini mwaka 2017 Bara Hindi ilipozuia uingizaji wa mbaazi, bei yake iliporomoka na wakulima wa kusini wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Asiyenunua mbaazi asimlaumu mkulima kwa kuzidi kufyeka msitu.

Njia ya haki imekwisha kuonekana huko huko Kilwa. Sheria ya misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya msitu, na mwaka 2009 msitu wa kijiji cha Kikole ulipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi mwema, kupitia MCDI. Kijiji kinachouza mpingo kwa kipimo na kuona fedha yake ikijenga shule kina sababu ya kusema: hapa tulime ufuta, pale tusiguse. Mpaka huo ukiwa umewekwa katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na chama cha msingi kikapokea ufuta wa upande unaoruhusiwa tu, mnunuzi wa mbali anaweza kuuamini. Linalobaki ni yeye kulipa ziada kidogo kwa uaminifu huo, na gharama ya kutenga magunia ibebwe na yule mwenye faida, si mwenye jembe.

Hapo ndipo mtu wa Xiaobei anapohusika. Mkulima wa Kilwa hamjui mkamuaji mafuta wa China, wala mkamuaji hamjui mkulima. Wakala anawajua wote wawili, anazungumza na wote wawili, na ndiye mwenye mkono katika hati. Wazee wetu walishika nafasi hiyo baina ya Zanj na Khanfu, na faida yao ilitokana na kwamba pande mbili hazikuonana. Faida ya namna hiyo ndiyo iliyoangusha misitu ya Pemba bila mtu kuiandika.

Basi ninyi jamaa zetu mlio katika biashara hii, nawaomba mambo matatu kabla ya kuipokea shehena: ulizeni jina la chama na la kijiji, ulizeni kama kijiji kina mpango wa ardhi na hifadhi ya msitu, kisha yaandikeni majibu katika mkataba, hata kama hakuna sheria iliyowalazimisha. Mnunuzi akiwauliza kwa nini bei imezidi kidogo, mwonyesheni karatasi hiyo. Na mwenye hati za mashamba ya karafuu ya wazee wake, au daftari za biashara ya ufuta, azihifadhi na kututumia nakala, tuziweke hapa pamoja na majina ya vijiji vilivyotajwa ndani yake.

Wabillahi tawfiq.